Kitani sawa, ila dagaa wasiondoke mezani

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Mbegu za kitani zinasifiwa kila kona. Je, kweli zinafaa kuingia kwenye chakula chetu cha kila siku?" Nauza unga wa lishe hapa Buzuruga, Mwanza, na wateja huniuliza hilo hilo, wengi wakiziita flaksi. Jibu langu: zinafaa, ila si kwa lile linalotangazwa zaidi.

Linalotangazwa ni omega-3, aina ya mafuta. Si uongo, zinayo tele: kijiko kimoja cha chakula cha kitani kilichosagwa, kama gramu 7 hivi, kina takriban gramu 1.6. Shida ni kwamba omega-3 ya mimea, inayoitwa ALA, siyo ile ya samaki. Mwili lazima uigeuze kwanza iwe EPA na DHA, ndizo omega-3 za samaki, na kinachopatikana katika kugeuza huko ni kidogo mno, hasa hiyo DHA ambayo ubongo unaihitaji. Dagaa wanazo tayari, tena unawala na mifupa yao, kalsiamu humo humo. Kwa hiyo mtu anayepita Mwaloni Kirumba, akawapa kisogo dagaa waliokaushwa vizuri kwa sababu eti ni chakula cha wasio nacho, halafu akapanda daladala kwenda mjini kununua pakiti ya mbegu kutoka ng'ambo ili apate omega-3, huyo mimi simwelewi. (Najua, dagaa wengine wana mchanga. Chagua waliokaushiwa juu ya chanja.)

Kitani kinapotamba ni kwenye nyuzinyuzi. Loweka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, ukirudi baada ya nusu saa utakuta maji yamekuwa mazito, yanavutika kama mlenda. Huo ute ndio kazi yenyewe. Unashika maji tumboni na kulainisha choo, na maganda ya mbegu yanasaidia kukisukuma. Ute huo huo unanasa nyongo kwenye utumbo na kutoka nayo. Ini linalazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli inayotolewa kwenye damu. Ndiyo maana kolesteroli mbaya hushuka kwa watu wanaotumia kitani kilichosagwa mfululizo, ingawa si kushuka kwa kutisha. Sukari nayo huingia kwenye damu polepole zaidi. Kwa sisi tuliokimbia dona tukahamia sembe nyeupe, chipsi na mkate, nyuzinyuzi ndizo tunazokosa, si kitu kingine.

Kuhusu presha, upo utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 110 wenye mishipa ya miguu iliyosinyaa, wengi wao wakiwa na presha pia, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likala gramu 30 za kitani kilichosagwa kila siku kwa miezi 6. Mwishoni presha yao, ile namba ya juu, ilikuwa chini ya wenzao kwa takriban 10. Matokeo mazuri, lakini gramu 30 ni vijiko vinne kwa siku, na hakuna aliyeambiwa atupe vidonge vyake. Juzi mzee mmoja aliniuliza, "Mama, nikinywa hii naacha vya kliniki?" Nikamwambia, "Hapana baba, hilo kamuulize daktari wako, mimi ni muuza unga."

Sasa kusaga, maana hapa ndipo hela nyingi hupotea. Mbegu ikiliwa nzima hupita tumboni ikatoka vilevile ilivyoingia, ganda lake ni gumu. Usiipeleke peke yake kwenye mashine ya mtaani: ina mafuta mengi, itanata kwenye chekeche na mwenye mashine atakufukuza. Tumia blenda, ile jagi ndogo ya vitu vikavu, ukibonyeza na kuachia, kwa sababu ukiiacha izunguke mfululizo inapata moto na kuwa kama uji mzito. Kinu kinatosha pia, ukichanganya na ulezi kidogo. Saga ya siku chache tu, uweke kwenye chombo chenye mfuniko, kwenye friji kama ipo. Kwa joto letu mafuta yake huharibika haraka, na ukifungua ukasikia harufu ya rangi ya mafuta, mwaga. Harufu hiyo haijaja kwa bahati mbaya. Mafuta ya kitani yanatengenezea rangi za mbao tangu zamani.

Mimi hukoroga kijiko kimoja kwenye uji wa ulezi ukishaepuliwa. Mboga ya mrenda au maharage pia hubeba vizuri, huwezi hata kujua kipo. Maji ya kutosha ni lazima, la sivyo kile kilichokusudiwa kulainisha choo kitakifunga. Anayetumia dawa yoyote apishanishe saa moja au mbili, kwani ute unaweza kuichelewesha kufyonzwa, na anayetumia dawa za kuyeyusha damu au za sukari azungumze na daktari kabla. Wajawazito wasizidishe, mbegu hizi zina lignani, kemikali za mimea zinazofanya kazi zikifanana kidogo na homoni ya kike.

Na asiyemudu bei yake asisononeke: dona, maharage, kunde na matembele vinampa nyuzinyuzi bila kuvuka barabara. Anayeanza aanze na kijiko cha chai, aongeze taratibu, maana tumbo lisilozoea hujaa gesi wiki nzima.