Pua imepinda, pumzi inakatika usingizini: je, upasuaji wa pua utatosha?

Pole ndugu. Unasema picha ya CT imeonyesha sainasi zimejaa na ukuta wa kati wa pua umepinda, na mkeo anakuona ukikata pumzi usiku. Unauliza kama pua ikinyooshwa tatizo litaisha.

Kwa kawaida, peke yake haitoshi. Pua ina mifupa na gegedu, haibonyei kirahisi kama koo. Kinachojifunga usiku ni koo, nyuma ya ulimi na kaakaa laini. Lakini pua inachangia. Chukua mrija laini, ziba ncha moja nusu kwa kidole, kisha vuta kwa nguvu kwenye ncha nyingine: utaona kuta zinavyobanana katikati. Ndivyo koo linavyofanya pua ikiwa nyembamba. Tena pua ikiziba unalala mdomo wazi, taya linashuka, ulimi unarudi nyuma.

Sainasi zenyewe ni mashimo tu, hazipitishi pumzi. Ubaya wake ni uvimbe na makamasi yanayobana njia.

Kwa hiyo, kabla ya kisu, omba kipimo cha usingizi. Pumzi ikikatika au kupungua mara 5 hadi 14 kwa saa, tatizo ni dogo. 30 na kuendelea ni kubwa, na hapo mashine ya kusukuma hewa ndiyo tegemeo. Pua iliyofunguka hufanya mashine hiyo ivumilike, na mimi naona hiyo ndiyo sababu nzuri zaidi ya kuitibu. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ya kupunguza uvimbe, huanza kwanza.

Ukisinzia ukiendesha gari, usisubiri, kapimwe mapema.