Kwa dereva mpya anayepeleka wageni Usambara

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupandisha wageni Usambara, naomba mnielewe hapa kwanza: ratiba ya milimani hupangwa kwa saa za mwanga, siyo kwa kilomita. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu, tena lami, na mgeni akitazama ramani atakuambia nusu saa inatosha. Mwambie mapema ni saa nzima, na mkisimama Soni kuangalia maporomoko, zaidi ya hapo.

Barabara ile ni nyembamba, huku jabali, huku korongo. Piga honi kabla ya kona. Lori linalopanda na mzigo lipishe hata kama njia ni yako, maana likisimama kwenye mwinuko, kuondoka tena ni kazi. Na kushuka ndiko kunakohitaji akili kuliko kupanda. Shuka na gia ndogo, breki iguse na kuachia, usiikanyage mfululizo. Ikianza kunuka, tafuta mahali pana uegeshe mpaka ipoe yenyewe. Usiimwagie maji, na usijiambie Mombo si mbali. Mafuta jaza Mombo kabla ya kupanda.

Sasa historia. Wengi humpeleka mgeni Lushoto, wakamwambia Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, wakamalizia Irente kutazama tambarare chini, basi. Inaniuma. Kiti cha ufalme wa Washambaa kilikuwa Vuga, upande wa Soni, na Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka huko hadi alipofariki mwaka 1862. Vuga iwe kwenye ratiba yako, siyo ziada ya muda ukibaki. Tafuta mwenyeji wa kukutangulia, wasalimie wazee kwanza, kamera ibaki mfukoni mpaka mruhusiwe.

Mlalo, ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika mwaka 1891, patenge siku yake.

Mtae msiende na kurudi siku moja. Kutoka Lushoto ni kama kilomita 60, lakini njia ni ya kona na vumbi, na ukifika saa kumi jioni huku unawaza kurudi, mgeni hataona kitu. Laleni kule. Kijiji kimekaa juu ya ukingo wa mlima, na alfajiri ukungu ukiachia, tambarare za Mkomazi zinaonekana zote chini ya miguu yenu. Mwambie mgeni abebe sweta, hasa Juni na Julai, maana wengi hudhani Tanga yote ni joto.

Machi hadi Mei udongo unateleza na kingo huporomoka. Ikiwa mvua imenyesha usiku, nenda stendi ya Lushoto asubuhi uwaulize makondakta wa mabasi yaliyoshuka kutoka Mtae. Wakisema kuna mahali wameshusha abiria ili gari lipite, ahirisha.