Barua kwa mwanangu: kwa nini 6 hazikatani

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia umejisajili kurudia Hisabati ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Umeniuliza: kwenye 6x/6 unakata 6 kwa 6 unabaki na x, mbona kwenye (x + 6)/6 ukifanya vivyo hivyo unakosa?

Swali zuri sana, na wengi waliomaliza shule hawajawahi kuliuliza.

Kukata ni kugawanya. Ukikata 6, umegawanya kiasi chote (cha juu) kwa 6 na asili yote (ya chini) kwa 6, ndiyo maana thamani ya sehemu haibadiliki. Katika 6x, 6 inazidisha kila kilichopo juu. Katika x + 6 imejumlishwa tu, kwa hiyo ukiigawanya hiyo peke yake, x hujaigusa. Weka namba uone. x ikiwa 2, (x + 6)/6 ni 8/6, yaani 4/3. Ukikata ukabaki na x, unapata 2. Ukisema 6 kwa 6 ni 1, inabaki x + 1, yaani 3. Yote mawili si 4/3. Ukigawanya vyote viwili inakuwa x/6 + 1, na hapo 4/3 inatoka.

Basi kabla ya kukata, hakikisha juu na chini pameandikwa kwa kuzidisha. Shule ya msingi ulifanya hivi kwa KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika): 18/24 ni (6 × 3)/(6 × 4), 6 zinaondoka, inabaki 3/4. Aljebra inakudai kazi hiyohiyo, ila vigawo vyenyewe vimekaa ndani ya mabano.

Chukua (x² − 9)/(x² + 5x + 6). Usiguse x² kwanza, najua mkono unawasha. Juu ni (x − 3)(x + 3). Chini, tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa ni 6, zikijumlishwa ni 5: ni 2 na 3, kwa hiyo ni (x + 2)(x + 3). Sasa (x + 3) nzima, pamoja na mabano yake, inakatwa juu na chini. Jibu ni (x − 3)/(x + 2). Lihakiki kwa x = 4: sehemu ya mwanzo inatoa 7/42, jibu linatoa 1/6. Ni kitu kimoja.

Lakini jaribu x = −3. Jibu linakupa 6, ilhali sehemu ya mwanzo inakupa 0/0, ambayo haina maana. Ulipokata (x + 3) uligawanya kwa kitu ambacho hapo ni sifuri. Kwa hiyo andika pembeni: x isiwe −3 wala −2. Wengi huliacha hili. Mimi naomba wewe usiliache.

Na ukikutana na (5 − x)/(x − 5), usiseme haikatiki. Toa −1 nje kule juu, inakuwa −(x − 5), na jibu ni −1, mradi x isiwe 5.

Sasa fanya (x² − 4x)/(x² − 16), uhakiki kwa x = 1; pande zote mbili zitoe 1/5. Nipigie picha ya daftari unitumie, pamoja na thamani za x zisizoruhusiwa. Ukikwama kwenye vigawo, nipigie simu jioni.

Mama yako