Nisalimie Mimi, Mbwa Yuko Kazini

Jumamosi iliyopita, nikitoka kwenye arusi ya Mtanzania mwenzetu hapa Leicester, ndugu mmoja aliyesimama nje ya ukumbi na sahani yake alimpigia mluzi mbwa wangu, anayeniongoza njia kwa kuwa sioni, na kumnyooshea kipande cha sambusa. Nilihisi mpini wa mkanda wake wa kazi ukinipinda mkononi kabla sijaelewa lolote, na goti langu la kulia likagonga nguzo ya chuma ambayo mbwa huyu amekwisha kunipitisha kando yake mara nyingi bila kuigusa. Ndugu yule alicheka, akamwambia mbwa pole, akaenda zake. Goti limepona, lakini kule kuachwa bila kusemeshwa bado kunaniuma.

Nilizaliwa Tanga, nikapoteza uwezo wa kuona nikiwa mtu mzima, na kabla ya kukabidhiwa mbwa mwongozaji nilitembea kwa fimbo nyeupe kwa miaka mingi. Watu wa pwani tumelelewa tukijua kwamba mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo asiyetaka kuguswa naye simlaumu hata kidogo. Aniambie tu, nami nitamlaza chini ya kiti changu. Dereva wa teksi ni suala jingine, kwa kuwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 hapa Uingereza inamkataza kunikataa au kunitoza zaidi kwa sababu ya mbwa, isipokuwa awe na cheti cha msamaha kwa sababu za kiafya.

Wengi hudhani kwamba mbwa ndiye anayesoma taa za barabarani. Ninayesikiliza magari na kuamua kuvuka ni mimi. Kazi yake ni kunikwepesha vizuizi, na kugoma iwapo gari linakuja nami nimekosea kusikia. Anayemwita, kumpapasa au kumlisha wakati huo ananiondolea macho katikati ya barabara, na ndiyo maana hata jina lake siwatajii watu ovyo.

Ukitaka kunikaribia, njoo upande wa kulia, kwa kuwa yeye hutembea kushoto kwangu, unisalimie na ujitaje. Usinitie kwenye mtihani wa "unanijua mimi nani?", maana mtu mzima hapaswi kubahatisha sauti ili apewe salamu yake. Usinishike mkono wala kuushika mpini. Niulize kama nahitaji msaada, na nikikubali, nipe kiwiko chako, nami nitauachia mpini na kubaki na ukamba wa kumshikia mbwa.

Katika arusi ileile binti mdogo alinijia kulia kwangu, akasema, "Shikamoo bibi, mimi ni mjukuu wa jirani yako wa ghorofa ya pili. Naruhusiwa kumgusa?" Nilimjibu kwamba si sasa, mpaka nitakapomvua mkanda wa kazi. Alisema haya, kisha nikamsikia akimzuia kaka yake: "Usimwite, anamwangalizia bibi njia."