Bahasha ya mahakama isilale chini ya godoro

*Shangazi, shikamoo. Miaka kadhaa iliyopita nilikopa, nikalipa mara chache, kisha kazi ikaisha nami nikanyamaza. Sasa nimeletewa samansi na kampuni ambayo sikuwahi kukopa kwake, na wanadai mara tatu ya nilichochukua. Wakala wao hunipigia kila siku: nitume chochote leo, kesi itafutwa. Bahasha nimeificha chini ya godoro, mume wangu hajui. Nitume hicho kidogo au nikae kimya? – Mwenye Aibu*

Marahaba mwanangu. Usitume, wala usikae kimya. Itoe hiyo bahasha leo na uandike juu yake tarehe uliyoipokea, kwa sababu siku za kujibu zinahesabiwa tangu hapo. Idadi yake imeandikwa kwenye samansi yenyewe. Zikipita bila jibu, mahakama inaweza kutoa hukumu ya upande mmoja, hata kama madai yao yana matundu, na baada ya hapo wataomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu, kama vile kukamata mali yako. Ukifika huko, kujinasua ni kazi kubwa.

Sasa soma hati ya madai polepole. Utaona aya zina namba. Utetezi wako wa maandishi unajibu namba kwa namba: hii naikubali, hii naikana, hii sina habari nayo na mdai aithibitishe. Usiruke hata moja, maana usichokikana huhesabiwa umekikubali. Na usidanganye. Ulikopa, sema ulikopa. Unachokipinga ni kiasi, na haki ya hawa wageni kukudai.

Hapo ndipo penye nguvu yako. Madeni huuzwa, na aliyeyanunua ni lazima aonyeshe aliyapataje. Dai mkataba wenye sahihi yako, hati inayoonyesha deni lako limehamishiwa kwao, na mchanganuo wa hesabu: mkopo wenyewe safu yake, riba safu yake, faini za kuchelewa safu yake, na ulizolipa zimepunguzwa wapi. Tafuta stakabadhi na jumbe zako zote za malipo uzilinganishe. Deni lililokua mara tatu halikosi mstari wa kuuliziwa.

Tena angalia tarehe ya malipo yako ya mwisho. Madai yana ukomo wa muda. Kenya na Tanzania, kwa mfano, kesi ya mkataba wa kawaida ina miaka 6. Kama muda umepita kwa sheria ya kwenu, uandike kwenye utetezi, usingoje hakimu augundue mwenyewe. Na hicho "kidogo" anachokiomba wakala kinanitia hofu hasa kwa hili: malipo madogo, au barua ya kukiri deni, huweza kuanzisha hesabu ya miaka upya. Ahadi ya simu haifuti kesi. Ukitaka kupatana mlipane kwa awamu, sawa, ila yaandikwe, yasainiwe na yasajiliwe mahakamani.

Aibu, mwanangu, naielewa. Lakini hili ni shauri la madai, hakuna aliyekuita mwizi. Mwambie mume wako usiku huu, kabla hajasikia kwa dalali wa mahakama aliyekuja kukamata mali. Kesho asubuhi beba hati zote uende kwenye kituo cha msaada wa kisheria, wakusomee utetezi kabla hujauwasilisha. Ukiupeleka, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa mahakama, na siku ya kutajwa kesi ufike mwenyewe.