Anayechunguza wahamiaji wa mjini aanze na daftari la msiba

Vijana wanaoanza utafiti wa sosholojia kuhusu watu waliohamia mijini huniletea madodoso yao niyapitie kabla hawajaingia mitaani, na karibu kila dodoso lina swali ambalo mimi mwenyewe nililibeba nilipoanza kazi hii Mbagala, Dar es Salaam: kwa nini ulihama kwenu? Niliuliza swali hilo nyumba kwa nyumba kwa wiki kadhaa, na jibu likawa moja. Muuza mkaa alikuja kutafuta maisha, mwalimu mstaafu alikuja kutafuta maisha, mama lishe wa pale kituoni alikuja kutafuta maisha. Lilikuwa jibu la kweli, lakini karatasi zangu zilijaa kauli moja iliyorudiwa na watu tofauti, na bado sikujua lolote kuhusu namna mgeni anavyopata nafasi miongoni mwa watu asiowajua.

Kilichonifumbua macho ni msiba. Fundi cherehani aliyekuwa jirani wa familia niliyopanga kwao alifariki, nami nikaenda kukaa mkekani na wanawake wenzangu kama ilivyo desturi, bila nia ya kutafiti chochote. Siku ya pili niligundua kwamba michango ilikuwa ikiandikwa katika madaftari matatu. La kwanza lilikuwa mezani karibu na turubai la wanaume, nalo lilikuwa la mtaa. La pili lilishikwa na mzee aliyetoka Gongo la Mboto, mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana cha watu wa wilaya aliyozaliwa marehemu. La tatu lilikuwa mapajani mwa mama mmoja kule nyuma kwenye mafiga, na humo ziliandikwa kilo za mchele, mafungu ya kuni na majina ya waliokesha wakipika. Mtu mmoja aliyeishi mjini zaidi ya miaka ishirini alikuwa ameandikishwa mara tatu, na katika kila daftari alikuwa na wajibu wake, madeni yake na watu wake. Yote hayo dodoso langu lilikuwa limeyapita, ingawa nilimhoji fundi huyo mwezi mmoja kabla ya kifo chake na kumaliza habari zake kwa mstari mmoja: alihama kutafuta maisha.

Tangu hapo nimewashauri wote wanaonijia waanze na madaftari hayo, na waache dodoso likae kwanza. Sababu ya kwanza inahusu neno moja tunalolitumia sana, taasisi. Katika Kiswahili cha kila siku, ukitaja taasisi msikilizaji huona jengo lenye kibao, mhuri na foleni, hivyo mtafiti anayekwenda kuuliza kuhusu taasisi huishia kwenye ofisi. Wanasosholojia wanalitumia neno hilo kwa upana zaidi, kwa maana ya utaratibu uliokubalika kiasi kwamba mtu akiukiuka anajua ataulizwa. Chama cha kufa na kuzikana kina sifa hiyo kikamilifu: kina kiingilio, ada ya mwezi, faini kwa asiyehudhuria mazishi bila taarifa, na kipindi ambacho mwanachama mpya hulipa kabla hajaanza kustahili kuhudumiwa. Mwaka 2006 Stefan Dercon, Joachim De Weerdt na wenzao walichapisha utafiti uliolinganisha vikundi vya mazishi vya Ethiopia na vile vya kijijini Kagera, wakaonyesha kwamba vikundi hivi, ambavyo wageni wengi huvidhania kuwa huruma ya majirani tu, vina kanuni zilizoandikwa, orodha za wanachama, viwango vya malipo na adhabu.

Ukibahatika kuonyeshwa katiba ya chama, soma kwanza kifungu kinachotaja ni nani anayehesabiwa. Mke au mume na watoto wamo daima. Wazazi wamo karibu daima. Ugomvi huanzia kwa wakwe, kisha kwa mtoto wa kaka aliyelelewa na mwanachama, kisha kwa mke wa pili. Nimesoma katiba ambayo kifungu hicho kilifutwa na kuandikwa upya kwa kalamu tatu tofauti, na nilipomuuliza mwenyekiti, alinisimulia kila kalamu na kikao chake. Kijijini swali la nani ni ndugu halipigiwi kura, lakini mjini lazima lipigiwe, kwa kuwa kila jina linaloongezwa lina gharama kwa watu ambao hawakulichagua. Sijapata kuona mahali pengine ambapo familia inavyobadilika kwa kuhama inaonekana waziwazi namna hiyo.

Sababu ya pili ni kwamba mahali pa kuzikwa hufichua mambo ambayo takwimu haziwezi kuyaeleza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012, na kwa kulinganisha mahali mtu alipozaliwa na mahali alipohesabiwa tunapata ramani nzuri ya uhamiaji wa ndani. Ramani hiyo, hata hivyo, inamwonyesha aliyekaa Dar es Salaam miaka arobaini kama mtu aliyekwishafika, wakati yeye mwenyewe anachanga kila mwezi ili siku yake ikifika asafirishwe. Wachaga wengi huzikwa kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kule Kilimanjaro, na chama cha watu wao mjini lazima kiwe na akiba ya kukodi magari na kusafirisha mwili na waombolezaji mamia ya kilomita. Waislamu huzika mapema na mara nyingi palepale mtu alipofia, hivyo fedha za chama chao huenda kwenye sanda, usafiri wa makaburini na chakula cha wafiwa. Nilipokuwa mchanga katika kazi hii niliandika kwamba watu wa kundi la pili wamekwisha kukata kamba na kwao. Nilikosea vibaya. Hitima husomwa nyumbani, wajumbe hutumwa, na deni la kwenda kuhani huweza kumfuata mtu miaka mingi. Mtafiti atakayetazama jeneza pekee atawahukumu watu kwa kigezo cha dini moja.

Anayetaka kuona jambo hili linavyoweza kufika hadi kwenye mahakama na maisha ya umma asome habari za wakili S. M. Otieno wa Nairobi, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na jiji, na ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya, magharibi mwa Kenya, kwa mila ya Waluo. Kesi iliendelea kwa miezi, magazeti yakaichapisha siku baada ya siku, na hatimaye Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki ya kuzika, naye akazikwa Siaya tarehe 23 Mei 1987. Wengi huisimulia kesi hiyo kama mapambano ya mila na usasa. Ninavyoiona mimi, swali lililokuwa mahakamani ni kama mtu aliyesoma, aliyefanya kazi na kuoa mjini anaweza kuwa wa mjini kwa hiari yake, au kama uenyeji wake huamuliwa na wale atakaowaacha. Swali hilo linajadiliwa Mbagala kila juma, kwa sauti ya chini na bila mawakili.

Kuna faida nyingine ya kiutendaji. Wahamiaji ni watu wagumu kuwapata mara ya pili: wapangaji huhama vyumba, namba za simu hubadilika, na utafiti unaorudi baada ya miaka hukuta nusu ya majina hayapo. Kielelezo ninachowapa wanafunzi ni utafiti wa kaya za Kagera ulioanza mwaka 1991 kwa ushirikiano wa Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ukimwi ulipokuwa ukiumaliza mkoa ule. Watafiti waliporudi mwaka 2004 hawakuridhika kuwahoji waliobaki vijijini. Waliwafuata waliohama hadi mikoa mingine na hata Uganda, na zaidi ya asilimia 90 ya kaya za mwanzo zikapatikana tena, angalau kwa mtu mmoja. Kwa kuwa walikuwa na ndugu waliotoka nyumba moja, wengine wakiwa wamehama na wengine wamebaki, waliweza kuonyesha kwamba ukuaji wa matumizi ya waliohama uliwazidi waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Wangewaacha waliohama, wangeandika historia ya umaskini wa Kagera wakiwa wamewaondoa wale ambao maisha yao yalibadilika zaidi. Katika kazi yangu ndogo nimejifunza kwamba mweka hazina wa chama cha mazishi anajua mwanachama amehamia wapi, kwa kuwa ni lazima ampelekee taarifa ya msiba.

Sasa niseme namna ya kuingia, maana hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na kibali cha utafiti, barua ya mkoa, ya wilaya na ya mtendaji wa kata, nikaamini kwamba barua hizo zinafungua kila mlango. Katika msiba mmoja nilipiga picha ukurasa wa daftari kwa simu, haraka, nikijiambia kwamba nitaomba ruhusa baadaye. Ukurasa huo ulikuwa na majina ya wadaiwa. Mwenyekiti aliniona, hakunigombeza, alisubiri hadi watu walipotawanyika ndipo akaniambia, "Mwanangu, barua yako imetoka serikalini, lakini daftari hili ni la hawa." Nilifuta picha mbele yake, na ilinichukua karibu mwaka mzima kukaribishwa tena kwenye kikao cha chama kile. Alikuwa na haki kabisa. Deni la msiba ni aibu ya ndani, na mtu anaweza kukosa kuzikwa kwa heshima kwa sababu ya karatasi iliyoonekana na asiyehusika.

Kwa hiyo nenda kwanza msibani kama jirani, ukae, uchange kiasi cha watu wengine bila kuzidisha, na usitoe kalamu. Kikao cha chama ndicho mahali pa kuomba kazi yako isikilizwe, wiki kadhaa baada ya matanga kuanuliwa, na uombe mbele ya wanachama wote, kwa kuwa ruhusa ya mwenyekiti peke yake itakuweka upande mmoja wa ugomvi usioujua. Ukiruhusiwa kuona daftari, nakili viwango, tarehe na aina za michango, uache majina humohumo. Usimuulize mtu atazikwa wapi, kwani katika mitaa yetu swali hilo husikika kama uchuro. Uliza, "Mkifiwa hapa, mnafanyaje?" kisha nyamaza. Watu watakusimulia msiba mmoja baada ya mwingine, na ndani ya misiba hiyo utasikia nani alimpokea nani mjini, nani alimdhamini nani kazini, na nani aliondolewa kwenye chama na kwa nini.

Tafuta pia daftari la wanawake, hata kama utaambiwa halipo. Wanaume wengi waliniambia kwa nia njema kabisa kwamba akina mama wanasaidia tu jikoni, kumbe akina mama wana hesabu ya nani alikuja na ndoo, nani alilala hapo siku tatu na nani alituma mtoto. Hesabu hiyo mara nyingi iko kichwani na ni ngumu kuinakili, lakini ndiyo inayoamua mwanamke aliyehamia mtaani juzi atahesabiwa mwenyeji lini. Asiyejua hilo ataandika kwamba uanachama unanunuliwa kwa kiingilio.

Kuhusu simu nitasema machache. Miamala ya simu na makundi ya WhatsApp yamewawezesha walioko Muscat au Toronto kuchanga saa ileile na walioko Temeke, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kifedha vya kijamii, vikiwemo vikoba, katika daraja la nne linalotakiwa kusajiliwa. Vyama vingi vya misiba sasa vina mkono mmoja wa kukopeshana na mwingine wa kuzikana, na viongozi wake wanajiuliza ni mkono upi serikali inauona. Mada hiyo inamngoja mtu mwenye subira ya kukaa kwenye vikao.

Ukimaliza, rudisha ulichoandika, kwa Kiswahili, kwenye kikao kilekile. Mimi nilirudisha kurasa nne. Wanachama walizisikiliza kimya hadi nilipofika mahali nilipoeleza kwamba katika misiba yote niliyohudhuria sikuwahi kuona jina la dada wa kazi za ndani katika daftari lolote, wala la mpangaji aliyekaa chini ya mwaka mmoja. Mama mmoja aliinua mkono akasema kwamba yeye ana binti wa namna hiyo nyumbani kwake, ametoka Singida, hana ndugu hapa mjini, na hajui akipatwa na jambo atampigia nani simu. Mweka hazina alifungua daftari, akatafuta ukurasa mweupe, akaandika swali hilo kuwa ajenda ya mwezi uliofuata.