Mbona dada anaongea tu, haimbi? Namna ya kuisikiliza "New Long Leg" ya Dry Cleaning

Mkuu, umeuliza kwa nini bendi hizi mpya za posti-panki (roki iliyozaliwa baada ya panki, mwishoni mwa miaka ya 1970) za Uingereza zinasifiwa hivyo, wakati wewe umeweka "New Long Leg" kwenye simu ukaambulia mwanamke anayeongea juu ya kelele za gita. Swali ni la haki. Tatizo ni kwamba umeanza kusikiliza juu, kwenye sauti ya mtu, na albamu hii imejengwa kuanzia chini. Ile melodi ambayo ungeweza kuondoka ukiivumisha kwa mdomo uliofumbwa iko kwenye besi, na spika ya simu besi haiiwezi.

Uzi mnene wa gita la besi ukipigwa wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu huishiwa nguvu mapema, ingali kwenye mamia ya mitetemo kwa sekunde, kwa hiyo kinachokufikia ni mabaki ya noti. Kwenye nyimbo nyingi za redioni hasara yake ni ndogo, maana mwimbaji ndiye anayebeba melodi. Hapa Florence Shaw, yule mwanamke anayeongea, haibebi. Iondoe besi ya mwenzake Lewis Maynard, na maneno yanabaki yananing'inia hewani bila kitu cha kuyashika. Ndicho ulichosikia.

Kwa hiyo tafuta hedifoni, hata za waya za bei ya kawaida. Kama ni zile za kuingiza sikioni, angalia mpira wake: kwa kawaida huja saizi tatu na wengi hawabadilishi ile iliyokuja imevalishwa. Weka wimbo wa kwanza, "Scratchcard Lanyard", kisha zisukume ndani kidogo kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, mpira wako ni mdogo na hewa inavuja. Vaa saizi inayofuata. Halafu zima kile kitufe cha kuongeza besi kwenye programu au kwenye spika ya Bluetooth. Kinavimbisha noti za chini zote kwa pamoja mpaka hujui imepigwa ipi, na Maynard anapiga noti nyingi, zinazotembea.

Ubora wa faili nao uutazame. Albamu ina nyimbo 10, kama dakika 42. Kwenye Spotify ubora wa kawaida ni kilobiti 96 kwa sekunde, wa juu 160, na ule unaoitwa "Very high" 320. Kwa albamu nzima hiyo ni takriban MB 30, MB 50 na MB 100. Kama bando linabana, pakua kwa 160 ukiwa kwenye Wi-Fi na utakuwa sawa. Kwenye 96 kinachoumia kwanza ni matoazi ya mpiga dramu Nick Buxton: yanaanza kufoka kama maji ya bomba, na gita likiwa na mikwaruzo yake linazama humo humo. Zima pia kuchanganya nyimbo na kule kuziunganisha mwisho kwa mwanzo. Mpangilio wa albamu hii umefikiriwa.

Sasa sauti. Ipandishe mpaka Shaw asikike kama mtu aliyekaa kiti cha pili anaongea nawe kwa kawaida, kisha usiiguse tena. Wimbo wa pili, "Unsmart Lady", gita litakuja zito na utatamani kupunguza. Acha. Uzuri wa bendi hii uko hapo hapo: wenzake watatu wanapanda, yeye hapandi. Amerekodiwa karibu na maikrofoni, chini, bila mwangwi mwingi, na hashindani na mtu. Ukipunguza sauti kwa ajili ya gita utampoteza yeye, na ukiongeza kwa ajili yake wimbo unaofuata utakuumiza masikio.

Mara ya kwanza usifungue maneno kabisa. Fuata besi peke yake, hasa "Strong Feelings", ambako gita limerudi nyuma na besi iko wazi mbele yako. Ukiweza kuivumisha besi ya wimbo huo, mlango umefunguka. Mara ya pili mfuate mpiga gita, Tom Dowse. Yeye kwenye gita hafanyi kazi moja: kuna mahali anapiga rifu nzito (kipande kifupi cha gita kinachorudiwa), mahali anatoa nyuzi mbili tatu zinazong'aa kama kwenye "Her Hippo", na mahali anaacha gita lilie lenyewe mbele ya amplifaya. Ukizoea gita la solo la dansi, linalojibizana na mwimbaji, utaona hili linaishi maisha yake na halimjibu mtu.

Mara ya tatu ndiyo ya maneno. Wengi wanakwama hapa kwa sababu wanatafuta kisa. Shaw ni msanii wa kuchora aliyekuwa akifundisha chuoni, na hakuwa mwimbaji kabla ya bendi hii. Anaokota sentensi: za matangazo, za mazungumzo ya watu, za mawazo yanayompitia, kisha anazipanga zigongane. Sisi tuliolelewa na taarabu tuna tabia ya kuuliza fumbo hili amepigwa nani. Hapa hakuna aliyepigwa. Sikiliza badala yake anaingia wapi. Hesabu moja mpaka nne na dramu, utaona mara nyingi anaianza sentensi baada ya moja, anavuka mstari, ananyamaza pale ulipotegemea neno. Huo ndio uimbaji wake. Na siku akigusa melodi kidogo, kama kwenye "More Big Birds", inaingia moyoni kuliko kiitikio chochote, kwa kuwa amekunyima muda mrefu.

Wimbo wa mwisho, "Every Day Carry", unazidi dakika saba na katikati unavunjika kuwa kelele tupu kabla ya kurudi. Usiruke. Kwa maoni yangu ndio wimbo bora humo, ila usianze nao.

Sifa za sauti hii safi ziende pia kwa prodyuza John Parish, aliyefanya kazi miaka mingi na mwimbaji wa roki wa Uingereza, PJ Harvey. Walirekodi studio za Rockfield, shambani huko Wales, na albamu ikatoka Aprili 2021 kwa lebo ya 4AD. Ya pili, "Stumpwork" ya 2022, ni prodyuza yule yule na studio ile ile, lakini laini zaidi, na Shaw anaimba zaidi. Kuna watu huipenda hiyo kwanza, jaribu.

Ukitaka mwanaume anayeongea kwa kasi na hasira, nenda kwa bendi ya Yard Act ya Leeds. Na kama besi ndiyo iliyokuvuta, rudi 1979, albamu "Metal Box" ya bendi ya Public Image Ltd. Mpiga besi wao, Jah Wobble, alikuwa ameshiba rege ya Jamaika na dabu, ile rege iliyochanganywa upya besi ikawekwa mbele, na toleo la kwanza lilitoka ndani ya kopo la chuma likiwa na santuri tatu za inchi 12 zinazozunguka mara 45 kwa dakika, ili besi ipate nafasi ya kutosha kwenye mifereji. Wimbo wake wa kwanza unapita dakika 10. Ukikushinda, anza na wa pili.